Gede na Mida: Pwani isiyo na kelele

Ukimtajia mtoto wa Nairobi habari za Pwani, jambo la kwanza litakalomjia akilini ni mchanga mweupe, ngamia wa kukodi na kidimbwi cha kuogelea cha hoteli. Hana makosa. Sisi wazazi ndio tuliomzoesha hivyo, maana kila Desemba tunamshusha Mombasa, tunampeleka ufuoni, tunamnunulia madafu na mihogo ya kukaanga, kisha tunamrudisha nyumbani akiwa amebabuka ngozi na bila kujua lolote kuhusu mahali alikokuwa.

Lakini, mpenzi msomaji, iko Pwani nyingine. Iko kati ya Kilifi na Malindi, mahali ambapo msitu mkubwa unasogea hadi karibu na bahari, na ambapo baina ya msitu huo na mikoko mna barabara kuu, mashamba ya mahindi, minazi na vijiji vya Wagiriama. Hapa hakuna disko wala wachuuzi wa shanga wanaokufuata hatua kwa hatua. Kuna Msitu wa Arabuko-Sokoke, magofu ya Gede na hori ya Mida, yaani ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu karibu na Watamu. Yote matatu yanaweza kutembelewa kwa siku moja, mradi familia ikubali kuamka mapema.

Ukitoka Mombasa unapanda matatu ya Malindi. Unavuka daraja la Nyali, kisha la Mtwapa, unapita mashamba ya mkonge ya Vipingo ambayo mistari yake iliyonyooka huwatia watoto kizunguzungu wakiitazama dirishani, halafu unafika daraja la Kilifi. Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka wa 1991 watu walivuka hapo kwa feri, na wazee wa njia hiyo bado wanasimulia foleni zake. Baada ya Matsangoni, tazama mkono wa kushoto. Ule ukuta wa miti unaouona hapo utakuandama hadi karibu na Gede. Anayetoka Nairobi anaweza kuja kwa garimoshi la reli mpya, lililoanza safari mwaka wa 2017, lakini asijidanganye kwamba ataimaliza safari nzima kwa siku moja. Alale Watamu au Malindi.

Sisi tulikuwa sita: mimi na mke wangu, watoto watatu, na mama mkwe wangu ambaye watoto humwita nyanya. Nyanya ni mkulima wa huko bara, na maisha yake yote amepima ardhi kwa magunia ya mahindi. Tulishuka kwenye kituo cha msitu, kilomita chache kabla ya Gede, jua likiwa bado halijapata nguvu. Kijana wa chama cha waongozaji akatupokea, na baada ya kulipa kiingilio tukaingia kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine.

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita mraba 420 hivi. Ndio msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliobaki kwa kipande kimoja katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Hapo zamani misitu ya namna hii ilienea kama mkanda kando ya bahari, kabla ya mkanda huo kukatwakatwa na kubaki vipande. Jambo la kuwaonyesha watoto ni udongo. Upande mmoja mchanga ni mweupe, na juu yake imeota mirihi, miti mirefu iliyoachana na kupitisha mwanga. Ukitembea zaidi kuelekea bara, ghafla udongo unakuwa mwekundu, na miti inakuwa mifupi, imesongamana, huwezi kupenya bila panga. Ni kana kwamba mtu amepiga mstari kwa rula. Kijana wetu wa kidato cha tatu, ambaye hulalamika kwamba jiografia ni somo la kukariri, alisimama juu ya mstari huo, mguu mmoja kila upande, akakataa kusonga mpaka apigwe picha.

Katika ule udongo mwekundu anaishi bundi mmoja mdogo sana, urefu wake hauzidi sana kiganja cha mtu mzima. Wataalamu walimtambua mara ya kwanza hapa Sokoke mwaka wa 1965, na baadaye akapatikana pia katika milima ya Usambara, Tanzania. Waongozaji wanajua vichaka anamolala mchana. Nyanya hakutaka hata kusikia habari zake. Kwao bundi akilia juu ya paa, watu huanza kuhesabu wagonjwa. Tukamwacha akae kwenye gogo na chupa yake ya chai, nasi tukaenda kumtazama huyo bundi, ambaye alifumbua jicho moja la manjano, akalifumba tena.

Aliyetufurahisha zaidi ni sange. Huyu ni mnyama mwenye ukubwa wa sungura mdogo, pua ndefu kama mkonga mfupi, miguu myembamba na makalio ya rangi ya dhahabu kana kwamba aliketi juu ya rangi mbichi. Sange wa dhahabu hapatikani popote duniani isipokuwa katika kipande hiki cha pwani ya Kenya, na wengi wao wamo ndani ya msitu huu. Huishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo lao lile lile, lakini kila mmoja hutembea kivyake akipekua majani makavu kutafuta wadudu. Ngozi ya yale makalio ya dhahabu ni nene kuliko ya mahali pengine mwilini, ili adui akivutiwa na rangi na kuuma hapo, sange apate nafasi ya kuponyoka. Na ingawa watu humfananisha na panya, wanasayansi wanasema ukoo wake uko karibu zaidi na wa ndovu. Kitinda mimba wetu alipoambiwa hivyo alimgeukia mwongozaji, akamwuliza, "Anko, sasa ndovu wanajua?"

Yule kijana alicheka. Akatuambia kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa mdogo, alikuwa akitega sange kwa kamba ili wapate kitoweo nyumbani.

Hapo ndipo nyanya alipouliza swali lake. Alitazama kulia na kushoto, akatazama ile miti isiyo na mwisho, akasema, "Mwanangu, ardhi yote hii, na hakuna anayelima?"

Wasomaji wengine watacheka. Mimi nadhani hilo ndilo swali kubwa la mahali hapa, na nyanya si wa kwanza kuliuliza. Msitu huu ulitangazwa kuwa wa serikali mwaka wa 1932, wakati wa ukoloni, na tangu hapo watu wanaoishi kandokando yake wamekuwa wakiutazama kutoka nje. Wao ndio nyani huwavamia mahindi yakikaribia kukomaa. Wao ndio ndovu huwavunjia minazi, ndiyo maana sehemu za msitu zimezungushiwa ua wa umeme. Mgeni hulipa kiingilio, hupiga picha ya ndege, akarudi hotelini Watamu. Mkulima akabaki na shamba lililokanyagwa. Katika miaka ya 1990 wengi wa majirani wa msitu walisema wazi kwamba afadhali ukatwe, ugawanywe mashamba. Mtu akikuambia kuwa msitu ni urithi wa dunia ilhali mtoto wako amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, utamjibu nini?

Jibu moja liko Gede, kilomita chache mbele, na lina mabawa. Ndani ya ua wa magofu kuna mradi uitwao Kipepeo, ulioanza mwaka wa 1993. Mkulima anayepakana na msitu hunasa kipepeo jike, humweka katika kibanda cha wavu pamoja na mmea anaopenda kutagia, na hulea viwavi kwa majani mabichi kila siku. Kiwavi akishiba hujigeuza, akajifungia katika kifuko kigumu kinachoitwa pupa. Pupa hizo huletwa Gede, hukaguliwa na kulipiwa, hufungwa ndani ya pamba kama mayai, kisha husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya na Marekani, ambako kuna nyumba za vioo zenye joto ambamo watu hulipa ili wawaone vipepeo wakitoka. Ni biashara ya mbio, kwa maana pupa haingoji. Mzigo ukichelewa uwanja wa ndege, mnunuzi hupokea sanduku la vipepeo waliokwisha kufa.

Kila aina ya kipepeo ina mmea wake, na mingi ya mimea hiyo ni ya msituni. Anayetaka viwavi hana budi kuwa na majani, na anayetaka vipepeo wa mbegu mpya hana budi kuwa na msitu wa kuwanasa. Basi mkulima wa namna hiyo akisikia shoka likilia usiku, hana tena sababu ya kunyamaza. Sitaki kuipamba hali. Vipepeo havijawatajirisha watu wa Gede, na hakuna mradi mmoja unaoweza kulisha vijiji vyote vilivyouzunguka msitu. Lakini nyanya, aliyekuwa amechoka na sayansi, alisimama mbele ya kile kibanda cha wavu kwa muda mrefu kuliko sisi sote, akiuliza viwavi wanakula mara ngapi kwa siku na nani huwalisha siku za mazishi. Huyo ni mfugaji akimwuliza mfugaji mwenziwe. Alipotoka alinunua chupa mbili za asali, ambayo huletwa hapo na wafugaji nyuki wa karibu na msitu.

Magofu yenyewe sitayaeleza sana, kwa kuwa wengi wenu mmeyasoma katika vitabu vya historia. Gede ulikuwa mji wa Waswahili wenye msikiti mkubwa, jumba la mtawala, visima virefu na nyumba za mawe. Kaburi moja limeandikwa mwaka wa 802 wa Hijra, yaani 1399. James Kirkman alianza kuufukua mwaka wa 1948, akakuta vyombo vya kauri kutoka Uchina. Katika karne ya 17 mji ulikuwa umehamwa, na miti ikaumeza. Mwaka wa 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Ninachokuomba ni kitu kimoja tu: ukiwa ndani ya nyumba hizo, waambie watoto wapime upana wa chumba kwa hatua. Watashangaa jinsi vyumba vilivyo virefu lakini vyembamba. Sababu yake wataiona jioni, Mida. Na wafiche ndizi zao, kwa maana kima wa Gede hawaombi.

Kwa chakula cha mchana tulikwenda Dabaso, ambako kikundi cha wenyeji wanaotunza mikoko wamejenga mkahawa wa mbao juu ya maji. Sifa yake ni sambusa za kaa. Nyanya, ambaye hajawahi kula kitu chochote kinachotembea upande upande, alikula wali na mboga. Sambusa zake zikagawanywa kwa haki isiyokuwa ya haki.

Kisha Mida. Hapa lazima ujue maji. Maji yakijaa, hori ni ziwa la kijani kibichi lenye miti iliyosimama ndani yake. Yakipwa, linabaki tope pana linalometameta hadi macho yanapokomea. Saa za kujaa na kupwa husogea kwa muda usiofika saa moja kila siku, na wakati wa bamvua maji hukimbia mbali kuliko siku za maji mafu. Waulize wavuvi au waongozaji kabla ya kupanga safari. Saa nzuri ni ile maji yanapoanza kurudi, kwa sababu yanawasukuma ndege karibu na mikoko.

Mikoko ina aina zake. Mkoko wenyewe una mizizi iliyojipinda kutoka shinani kama miguu ya buibui. Mchu hutoa vijiti vya kupumulia vinavyosimama matopeni kama penseli. Mkandaa una magome ambayo watu wa zamani walitolea rangi. Katika miti hii ndimo zilimotoka boriti za kujengea Pwani nzima, na boriti hazivuki urefu fulani bila kupinda chini ya uzito wa dari ya mawe. Hii ndiyo sababu ya vile vyumba vyembamba. Binti yetu wa pili ndiye aliyegundua kabla hajaambiwa, akanyosha mikono kulingana na mti mmoja akasema, "Huu ndio upana wa chumba cha Gede."

Njia ya kuingilia ni daraja la mbao lililoning'inizwa kwa kamba za chuma katikati ya mikoko, likayumba kidogo kila mtu mzito anapokanyaga. Chini yake kaa wadogo hutoka mashimoni, dume akiwa na gando moja kubwa kuliko mwili wake, akilipunga juu na chini kama makanga anayeita abiria. Mwisho wa daraja kuna kibanda chenye madirisha membamba. Kuanzia Oktoba hadi Aprili vitwitwi wa kila aina hufika hapa kutoka Ulaya na hata Siberia, wakikimbia baridi. Yupo pia ndege mmoja mweupe na mweusi, mwenye mdomo mnene mweusi, anayekula kaa. Yeye hutaga mayai ndani ya mashimo ya mchanga huko pwani za Arabuni, kisha huja Mida kupumzika. Wanakaa makundi makundi, wote wakitazama upande mmoja.

Pesa tulizolipa mlangoni zina habari yake. Mwaka wa 2001 shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mpango uitwao ASSETS, ambao huchukua mapato ya wageni, yakiwemo ya daraja hili, na kuyafanya msaada wa karo ya sekondari kwa watoto wa shule zilizo kando ya msitu na hori. Wazazi nao hushiriki katika kupanda miti na kuulinda msitu. Kwa maneno mengine, pana mwanafunzi fulani ambaye kalamu na sare yake vinategemea kama wewe na mimi tumekuja kutazama ndege au hatukuja. Ndiyo nguvu ya mpango huo, na ndiyo hatari yake. Mwaka wa 2020, korona ilipofunga barabara na viwanja vya ndege, wageni walitoweka Pwani nzima, lakini watoto hawakuacha kuhitaji karo. Ndiyo maana naona si sawa kuyaachia mahali kama haya watalii wa ng'ambo. Wao huja ikiwa dunia imetulia. Sisi tuko hapa hapa, umbali wa tikiti ya matatu.

Binti yetu mkubwa, aliye kidato cha nne, alisikiliza maelezo hayo akiwa ameegemea kamba ya daraja. Hakusema kitu. Baadaye nilimsikia akimwuliza mwongozaji kama wale wanafunzi huchaguliwa kwa alama au kwa shida.

Maneno machache kwa atakayekwenda. Vaa viatu vilivyofungwa na nguo zenye mikono mirefu, kwa kuwa mbu wa msituni hawaogopi mwangaza. Beba maji mengi. Fika msituni kabla ya saa mbili asubuhi, kwani jua likipanda wanyama hujificha. Chukua mwongozaji wa pale pale. Bila yeye utaona miti tu. Uliza mapema namna ya kulipa, maana siku hizi ofisi nyingi za serikali hazipokei pesa taslimu. Taka zako zote rudi nazo. Na ukitaka kinyago cha kupamba sebule, mwulize mwuzaji ni mti gani. Muhugu, unaopendwa sana na wachongaji kwa ugumu na harufu yake, umekuwa ukiibwa katika msitu huu huu kwa miaka mingi. Wako wachongaji Malindi wanaotumia mwarobaini na mwembe, miti ambayo imejaa mashambani, na twiga wa mwarobaini ana shingo ndefu vile vile.

Tuliondoka Mida maji yakiwa yamefika kwenye mizizi ya kwanza ya mikoko na ndege wameanza kuhama. Matatu ya Mombasa ilitukuta barabarani jua likitua nyuma ya msitu. Makanga alitaka kuweka mizigo yote nyuma, naye nyanya akakataa katakata. Chupa zake mbili za asali alizipakata hadi Mombasa.